Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzalisha Aina Mpya za Furungu, Chenza na Ndimu Lindi na Mtwara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofika kitaluni kwetu Mtama na wale wanaopiga simu kutoka Newala, Masasi, Kilwa na Nachingwea. Wengi ni wakulima wa korosho wenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba na hamu ya kuwa na tunda ambalo jirani hana. Pale ambapo watu hukwama nimejibu kwa kirefu. Kwanza tuelewane majina, maana sokoni yanachanganywa: furungu hapa ni lile tunda kubwa lenye ganda nene, ambalo vipande vyake ukivimenya vinatoka vikavu bila kuchuruzika maji. Balungi ni lile dogo kuliko hilo, lenye maji mengi na uchungu kidogo.

Aina mpya hutokeaje?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni chavua ya mti mmoja kufika kwenye ua la mti mwingine, iwe kwa mkono wa mtu au kwa nyuki. Karibu matunda yote ya jamii hii tunayoyajua ni machotara. Mababu wa mwanzo ni wachache, na wakubwa kati yao ni furungu, chenza na sitroni, tunda la Asia lenye ganda nene na maji kidogo sana. Danzi ni mtoto wa furungu na chenza. Chungwa nalo limetokana na hao hao wawili, ila kwa kuchanganyika zaidi ya mara moja. Limau ni mtoto wa danzi na sitroni. Balungi lilitokea Barbados katika karne ya 18, chungwa lilipokutana na furungu, na hakuna aliyelipanga. Chenza la Clementine lilionekana Algeria, karibu na mji wa Oran, katika bustani ya kituo cha yatima aliyokuwa akiitunza Bruda Clément Rodier.

Njia ya pili ni tawi kubadilika lenyewe. Chungwa la kitovu lisilo na mbegu, linaloitwa Washington navel, lilitoka Bahia, Brazil. Miche yake ilifika Riverside, California, mwaka 1873 kwa mama mmoja aitwaye Eliza Tibbets, na mti mmoja wa wakati ule bado upo mjini humo. Kwa kuwa halina mbegu, limesambaa duniani kwa macho na vikonyo tu, yaani vichipukizi na vipande vya tawi vinavyobebeshwa (kuunganishwa) kwenye mti mwingine. Mwaka 1976, kwenye shamba la Cara Cara nchini Venezuela, mti wa chungwa la kitovu ulionekana una tawi lenye matunda ya nyama nyekundu. Leo Cara Cara linauzwa kwa jina lake. Kwa hiyo ukitembea shambani tazama matawi. Tawi moja likizaa matunda yenye rangi, umbo au msimu tofauti na mti wote, na mwaka unaofuata likarudia vilevile, chukua kikonyo hapo.

Njia ya tatu ni mionzi, na hiyo ni kazi ya maabara. Balungi jekundu la Rio Red la Texas na chenza Tango la Chuo Kikuu cha California, Riverside, yalipatikana hivyo.

Nikila chungwa tamu nikapanda mbegu yake, si nimepata aina mpya?

Mara nyingi hapana. Hili ndilo jambo linalowapotezea watu miaka mingi, kwa hiyo naliomba lisomwe taratibu.

Chukua mbegu mbichi ya chungwa, iloweke maji usiku mmoja, kisha menya ganda lake la juu kwa ukucha, uondoe na ile ngozi nyembamba ya kahawia. Ukiifungua utakuta viinitete (vimea vichanga) viwili, vitatu au zaidi vimebanana, vingine vidogo mno. Kimoja kinaweza kuwa kimetokana na chavua. Vilivyobaki vimetokana na nyama ya mti mama peke yake, wala chavua haikuvigusa. Hivyo vya mama huwa na nguvu zaidi, hunyonya chakula chote, na kile chotara hufa mapema. Ndiyo maana mbegu moja ya chungwa huweza kukutolea michipukizi miwili au mitatu, na yote ikakua kuwa mama yuleyule. Balungi, danzi, limau na machenza mengi nayo yako hivyo.

Kwa mwenye kitalu cha miche ya chini, yaani ile inayobebeshwa aina nyingine juu yake, hiyo ni neema, maana miche inalingana. Kwa anayetafuta aina mpya ni ukuta.

Furungu ni tofauti. Mbegu yake ina kiinitete kimoja, na hicho kina baba na mama. Sitroni na Clementine pia wako hivyo. Tena furungu halikubali chavua yake lenyewe, kwa hiyo kila mbegu utakayoikuta ndani ya furungu ni ya baba mwingine. Ukiwa na mfurungu mmoja uani na mchenza umechanua karibu nao, nyuki wameshaifanya kazi, na mbegu zilizo mkononi mwako huenda ni za machotara.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mama awe furungu, baba awe tunda lolote unalolipenda.

Kwa nini unasisitiza furungu na si machungwa mekundu yanayotajwa sana Ulaya?

Kwa sababu ya joto letu. Yale machungwa yenye nyama ya rangi ya damu, ambayo Sisilia inasifika kwayo, hupata rangi kutokana na anthosayanini, na mti hauitengenezi vizuri pasipo usiku wa baridi. Ukiupanda Lindi mjini au Mikindani utapata chungwa la kawaida lenye madoa hafifu, au lisiwe na doa kabisa. Nimeona watu wakilipia miche kwa bei kubwa kisha wakadhani wametapeliwa, kumbe mche ni halali na hewa ndiyo imekataa.

Wekundu wa furungu na wa balungi ni jambo jingine. Huo ni laikopini, ileile ya nyanya na tikiti maji, na kwenye matunda haya joto ndilo linaloistawisha. Pwani ya kusini ni mahali pake hasa.

Joto hufanya mambo mengine mawili ambayo mzalishaji wa huku lazima ayakubali. La kwanza, ganda hubaki kijani hata tunda likiiva, kwa sababu ukijani hauondoki vizuri bila baridi. Usichague mche kwa rangi ya ganda. La pili, ukali hushuka haraka tunda likiwa bado mtini. Chungwa ambalo kwenye nchi ya ubaridi lina utamu na ukali uliosawazika, huku hupooza likawa na sukari tupu isiyo na ladha. Ndiyo maana kwa Lindi na Mtwara natafuta wazazi wenye ukali wa kutosha na harufu nzito. Mtoto anayeonekana mkali kidogo mwezi wa sita atakuwa mzuri mwezi wa nane, na aliye mtamu mwezi wa sita atakuwa maji matupu mwezi wa nane. Anayetaka kuzalisha tunda la kusini alionje mara kadhaa kwa msimu, lisionjwe mara moja tu siku ya wageni.

Nichavusheje kwa mkono?

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Baada ya kiangazi kirefu, mvua za kwanza za Novemba au Desemba zikishika, miti hii huchanua ndani ya wiki tatu au nne. Jiandae kabla, maana maua hayasubiri.

Anza na baba. Chuma maua yake yakiwa yamevimba na meupe lakini bado hayajafunguka. Ondoa petali, kata zile ncha za njano za stameni (vijiti vya kiume vya ua), uziweke kwenye kisahani juu ya karatasi ndani ya nyumba, mbali na upepo. Kesho yake zitakuwa zimepasuka, na karatasi ina unga wa njano. Hiyo ndiyo chavua. Mti wa baba ukichanua mapema kuliko mama, weka unga huo kwenye kichupa pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuwa kwenye boksi la viatu, funga vizuri, tia kwenye friji. Utakaa wiki kadhaa.

Kwa mama, tafuta tumba ambalo lingefunguka kesho. Tumba la furungu ni kubwa, petali zake nene na zina nta, ukizibana zinavunjika. Zitoe zote. Ndani utaona duara la stameni limezunguka nguzo moja ya kijani iliyopauka, na juu ya nguzo kuna kichwa cha mviringo kinachong'aa kwa unyevu. Hicho kichwa ndicho stigma. Ng'oa stameni zote kwa kibano cha nyusi, taratibu, usiiguse nguzo. Kisha chovya brashi ndogo au ncha ya kidole safi kwenye unga wa njano na upake stigma mpaka igeuke rangi. Funika kwa kifuko cha karatasi ya kaki. Usitumie nailoni, jua la huku litalichemsha ua. Funga kibao cha plastiki chenye jina la mama kwanza, la baba baadaye, na tarehe, kwa penseli. Wino wa kalamu hauvuki masika.

Baada ya wiki moja au mbili toa kifuko. Maua mengi yatadondoka. Jamii hii huangusha sehemu kubwa ya maua yake hata yasipoguswa, kwa hiyo chavusha mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Jihadhari na baba asiye na chavua. Chungwa la Washington navel ni mfano: ua lake ni zuri, ncha zake zimepauka na hazina unga.

Nioanishe nini na nini?

Ushauri wangu kwa anayeanza ni furungu lenye nyama nyekundu kama mama na chenza lenye harufu kali kama baba. Chenza huleta ganda linalomenyeka na ladha. Furungu huleta ukubwa, rangi na mbegu za kweli. Ukitaka kitu cha kushangaza zaidi, weka ndimu au limau kwenye furungu. Wengi wa watoto hao watakuwa wakali mno, lakini kwa juisi, achari na samaki wa Kilwa ukali si kasoro.

Usidharau wazazi wa ajabu. Mjini Riverside, mwaka 1958, watafiti walichukua furungu lisilo na ukali kabisa, tunda ambalo peke yake linaonekana kupooza, wakalioanisha na balungi. Mwaka 1980 walitoa Oroblanco, balungi tamu lisilo na ule uchungu uliozoeleka. Minneola ya Florida, iliyotolewa mwaka 1931, ni balungi na chenza. Imebaki na kishingo upande wa juu wa tunda na bado watu wanaitafuta kwa kishingo hicho hicho.

Nitajuaje mche ni chotara kweli kabla haujazaa?

Tazama jani. Jani la furungu lina kikonyo chenye bawa pana, hata linaonekana kama majani mawili yaliyofuatana. Jani la chenza lina bawa jembamba au halina. Mtoto wa wawili hao huangukia katikati. Ponda jani pia unuse: harufu ya ndimu au chenza kwenye mche wa furungu ni dalili nzuri. Dalili hizi hazifiki kwenye uhakika wa kipimo cha vinasaba, ila kwa kazi ya uani zinatosha.

Mbegu nizihifadhi vipi?

Usizikaushe. Mbegu za jamii hii zikikauka hufa, na huku tumezoea kuanika kila kitu juani. Zioshe utelezi, zipanguse, zipande siku hiyo hiyo au ziweke kwenye friji zikiwa na unyevu kidogo ndani ya mfuko. Kwenye viriba vyenye mchanga na samadi iliyooza, chini ya kivuli, huota ndani ya wiki mbili mpaka nne.

Itachukua miaka mingapi?

Mche wa mbegu huchukua kama miaka mitano hadi kumi kabla ya ua la kwanza, na mingine huzidi. Ni lazima upite utoto wake, na utoto wake una miiba mirefu. Hili halina njia ya mkato ya kweli, ila lina namna ya kutolichelewesha.

Mti huhesabu pingili. Lazima ufikishe idadi fulani ya macho kutoka chini hadi ncha ndipo uanze kukomaa. Kwa hiyo usiupogoe mche wa majaribio, hata ukiwa mbaya kwa kuutazama. Uache upande juu na shina moja, umwagilie kiangazi, uupe mbolea usisimame. Ukifika kimo cha mtu, chukua macho ya juu kabisa, pale ambapo miiba imeanza kupungua, uyabebeshe kwenye tawi la mti mkubwa uliokwisha kuzaa. Macho ya chini yanabeba utoto, yakibebeshwa hutoa miiba ileile.

Waliobobea nao husubiri. Chotara la Kijapani liitwalo Kiyomi lilichavushwa mwaka 1949, likasajiliwa 1979. Oroblanco niliyoitaja ilichukua miaka 22. Mtu wa Tandahimba aliyepanda mkorosho kwa ajili ya wajukuu anaelewa kazi ya namna hii bila kuhubiriwa.

Ninajua kubebesha mikorosho. Je, ni kazi ileile?

Mkono ni uleule, na hiyo ndiyo bahati kubwa ya mikoa hii miwili. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kimezalisha aina za korosho na kufundisha ubebeshaji kwa muda mrefu, kiasi kwamba katika kila kata utampata kijana mwenye kisu kikali na nailoni. Hakuna sababu ujuzi huo uishie kwenye korosho.

Tofauti zipo. Korosho tunabebesha kikonyo kizima kwa kupasua kichwa cha mche. Kwenye michungwa na jamaa zake, jicho moja linatosha: chana ganda la mche wa chini kwa umbo la herufi T, ingiza jicho likiwa na kipande chake cha ganda, funga kwa nailoni, fungua baada ya wiki tatu hivi. Fanya wakati wa mvua, ganda linapobanduka kirahisi. Weka jicho sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo, maana kuvu wa udongoni hushambulia shina na kulitoa utomvu wa gundi.

Kwa mche wa chini, limau lenye ganda la mabonde hustahimili mchanga na ukame wetu, ingawa hupunguza utamu kidogo. Mdanzi ni mzuri kwa namna nyingi, lakini mti uliobebeshwa juu yake unaweza kunyauka ghafla kwa virusi vya tristeza vinavyoenezwa na vidukari. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, ningechagua limau bila kusita.

Na safisha kisu. Baadhi ya magonjwa ya michungwa husafiri kwenye makali. Kichovye kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe kabla ya kuhamia mti mwingine, kisha kisuuze kisishike kutu.

Wadudu gani nikae nao macho?

Kwenye miche midogo adui wa kwanza ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na mabaka meupe, ukimtazama haraka utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondokea jani. Akikua anakuwa kijani. Ukimgusa anatoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Viwavi wawili humaliza mche wa chotara kwa siku chache, na mche huo hauna pacha popote duniani. Pita asubuhi na jioni, waokote kwa mkono.

Maji moto, wale siafu wekundu wa mtini wanaoshona majani, msiwaue wote. Wakulima wa korosho wanajua wanavyomfukuza mbu wa mikorosho, na Wachina walikuwa wakiwaweka wenzao wa jamii hiyo kwenye michungwa tangu karne ya 4. Ubaya wao ni kwamba hufuga wadudu wa magamba kwa ajili ya utamu wao, na wakati wa kuchavusha watakuuma. Chavusha alfajiri, kabla hawajachangamka.

Naweza kuleta vikonyo vya ndimu vidole kutoka nje?

Hiyo ni ile ndimu nyembamba ya Australia ambayo ukiikata hutoa chembechembe za mviringo zinazopasuka mdomoni. Inaoana na jamaa zake: Australia wamepata ndimu yenye wekundu wa damu kwa kuizalisha na jamaa wa chenza. Naelewa kabisa kwa nini watu wanaitaka, hata mimi naitaka.

Ila usiilete kwenye begi. Ugonjwa wa kijani wa michungwa, ambao majani huwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili na matunda huwa yamepinda na machungu, hauna tiba. Ulipoonekana Florida mwaka 2005, ulianza kuangusha kilimo chao chote cha machungwa. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huo hupenda nyanda za baridi, kwa hiyo pwani yetu ilikuwa na ahueni. Aina ya Asia hustahimili joto, na mdudu anayeieneza ameshaonekana Tanzania. Kikonyo kimoja chenye ugonjwa kikiingia Lindi kitatuharibia miti ya kila uwanja.

Njia halali ni kupitia TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania: kibali cha kuingiza kabla ya kuagiza, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Ni mlolongo, na mimi naunga mkono kila hatua yake.

Nipateje tunda lisilo na mbegu?

Mti wa kawaida una seti mbili za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi. Ukiuoanisha na mti wenye seti nne, watoto hupata tatu, na wenye tatu kwa kawaida hawatengenezi mbegu. Oroblanco ni hivyo. Mti wa seti nne hununui dukani, lakini hutokea mara chache kitaluni wenyewe: kati ya miche mingi ya chungwa au limau utauona mmoja wenye majani manene, mapana, ya kijani kilichokolea, unaokua polepole. Wengi huung'oa wakidhani ni dhaifu. Wewe uweke pembeni.

Je, hii ndiyo GMO (mmea uliobadilishwa vinasaba maabara)?

Hapana. Ni chavua, brashi na subira.

Kuna hatari yoyote kwa mlaji?

Moja inayohitaji kusemwa waziwazi. Balungi na furungu vina kemikali zinazozuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za presha na za kolesto, hivyo dawa hujikusanya mwilini kuliko kipimo. Chotara anaweza kurithi jambo hilo, hata akiwa mtamu kama chenza. Mzee anayemeza dawa kila siku amuulize mfamasia kwanza, asiwe wa kwanza kuonja.

Na kwa mfanyakazi: ukikamua ndimu, nawa kabla ya kutoka juani. Maji yake yakichomwa na jua kwenye ngozi huacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa muda mrefu.

Nikipata aina nzuri, naweza kuimiliki?

Unaweza. Tanzania ina Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea ya mwaka 2012, na tangu 2015 ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Chini ya mkataba huo, ulinzi wa miti hauwi chini ya miaka 25. Aina yako lazima iwe tofauti na zilizopo, miche yake ilingane, na isibadilike ikizalishwa tena. Kwa kuwa tunabebesha, masharti mawili ya mwisho si mazito. TOSCI, Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu iliyopo Morogoro, ndiyo inayohusika na majaribio.

Kosa linalofungia watu mlango ni haraka. Mkataba unataka aina iwe bado mpya: ukiiuza nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, umepoteza. Na usimpe mtu kikonyo, hata shemeji, mpaka maombi yaingie. Kikonyo kimoja kikitoka uani leo, mwakani kina mashina mia Masasi.

Soko lipo?

Kwa tunda lenye sura ngeni soko hutengenezwa, halikutwi. Japani, kituo cha utafiti huko Nagasaki kilizalisha mwaka 1972 chotara la Kiyomi na chenza Ponkan, kisha wakaliacha kwa sababu lilikuwa na nundu juu na sura mbaya. Wakulima wa Kumamoto wakalichukua, wakaligundua utamu, wakaweka kanuni kwamba linaloitwa Dekopon lifike kipimo fulani cha sukari na lisizidi ukali fulani. Leo ni kati ya matunda ya bei kubwa nchini kwao. Sisi tuna hoteli za Mtwara mjini na Kilwa Masoko, tuna wauza juisi, na tuna watu wa kwetu wenyewe wanaolipenda tunda jipya likiletwa limekatwa waonje. Anza na kisahani cha kuonjesha sokoni kabla ya kufikiria meli.

Miche iliyozaa matunda mabaya nifanye nini?

Itakuwa mingi, kuliko mizuri kwa mbali. Panda kwa nafasi finyu, hata mita moja na nusu, ili usipoteze shamba zima kwa majaribio. Onja misimu miwili kabla ya kuhukumu, kwa kuwa matunda ya kwanza ya mti mchanga huwa na ganda nene na ladha mbovu.

Ukishahukumu, usikimbilie shoka. Uliostahimili kiangazi cha Nachingwea bila kumwagiliwa, au uliosimama mahali ambapo wenzake walitoa gundi shinani, una mizizi yenye thamani hata kama tunda lake halilambiki. Mbegu zake zifungue: zikiwa na viinitete vingi, miche yake italingana na inaweza kutumika kama miche ya chini. Carrizo na Troyer, kati ya mashina ya chini yaliyotumika sana California, ni machotara ya chungwa na mchungwa wa Kichina wa majani matatu, na matunda yao hayauzwi popote. Wenye mizizi ya kawaida na tunda baya, ukate usawa wa goti mvua zikianza, na ubebeshe juu yake ule mmoja uliokupendeza.